Miaka mitatu ya shajara na bado niko pale pale: niendelee kuandika?

Swali

Shikamoo mshauri. Nina miaka 34. Nilianza kuandika shajara miaka mitatu iliyopita, miezi michache baada ya baba yangu kufariki, kwa kuwa nilisikia kwamba kuandika mambo ya kila siku humsaidia mtu kukua na kujielewa. Naandika kila usiku kabla ya kulala, siku nyingine hata kurasa tatu. Nimejaza madaftari saba. Juzi nilifungua daftari la kwanza nikasoma, nikaishiwa nguvu. Malalamiko ni yale yale ninayoandika leo: bosi wangu, dada yangu mkubwa, uvivu wangu. Ni kama nimeandika ukurasa mmoja mara elfu. Tena siku hizi nikimaliza kuandika, usingizi unaruka. Rafiki yangu ananishauri niandike mambo mazuri tu. Je, niendelee, nibadilishe, au niache kabisa? Na nikiruka siku, je, ninaharibu?

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Usiache. Lakini usiendelee vile vile pia, kwa sababu ulichokiona juzi ni cha kweli.

Katika yote uliyoniandikia, jambo la thamani zaidi ni kwamba ulifungua daftari la kwanza ukalisoma. Wewe umetoka hapo umevunjika moyo. Mimi naona hapo ndipo shajara yako imeanza kufanya kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila anayefanya biashara anajua upande wa pili wa methali hiyo: daftari linaloandikwa kila siku lakini halijumlishwi mwisho wa mwezi haliwezi kumwambia mwenyewe kama anapata faida au anakula mtaji. Kwa miaka mitatu umeingiza hesabu bila kuifunga. Juzi ulijumlisha kwa mara ya kwanza, na jumla ikakushtua.

Pengine habari ulizosikia kuhusu faida za kuandika zina mzizi wake kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 1986 na mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall. Waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Baadhi walipewa mada nyepesi zisizo na uzito wowote. Wengine waliandika kuhusu tukio lililowaumiza sana maishani. Katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio lenyewe pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mada nyepesi. Jaribio hilo limerudiwa mara nyingi sana tangu hapo, na faida inayoonekana kwa wastani ni ndogo, wala haimfikii kila mtu. Lakini tazama kipimo chake: siku 4, dakika 15. Hakuna aliyeambiwa aandike kidonda kile kile kila usiku kwa miaka mitatu.

Baadaye Pennebaker alianza kuzihesabu kwa kompyuta aina za maneno yaliyomo katika maandishi ya watu hao, na kwangu mimi hapo ndipo penye mafunzo makubwa zaidi. Waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao maandishi yao yalibadilika kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Maneno kama "kwa sababu", "nimegundua", "sasa naelewa" yalikuwa machache mwanzoni, yakaongezeka. Aliyekuja siku ya kwanza na kisa kilichokwisha kamilika, akakirudia vile vile siku ya nne, hakupata faida kama hiyo. Yeye na wenzake wakaona pia kwamba waliokuwa wakihamahama kati ya "mimi" na watu wengine kwenye kisa, leo wakisimulia kwa upande wao, kesho kwa upande wa mwenzao, ndio ambao afya yao iliimarika zaidi. Kwa hiyo kalamu yenyewe haimbadilishi mtu. Kinachofanya kazi ni kisa kusogea.

Chako hakijasogea. Umekuwa ukicheua. Ng'ombe akicheua anapata lishe. Mtu akicheua machungu yake anapata ladha ile ile tu. Mwaka 1989 tetemeko kubwa lilipiga eneo la San Francisco. Susan Nolen-Hoeksema, aliyekuwa akifundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amewapima wanafunzi wake wiki mbili kabla, bila kujua kinachokuja, akawauliza hali zao na namna wanavyoikabili huzuni inapowajia. Alipowapima tena siku kumi baada ya tetemeko, na tena wiki saba baadaye, waliokuwa na mazoea ya kuizungukazunguka huzuni yao akilini ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla. Tetemeko liliwapata wote, lakini mazoea waliyolikabili nayo yalitofautiana.

Shida ni kwamba kucheua na kutafakari vinafanana kwa nje. Vyote ni mtu aliyekaa peke yake, kimya, akiwaza juu ya maisha yake, pengine na kalamu mkononi. Mtu anaweza kufanya kimoja miaka yote akidhani anafanya kingine. Tofauti inaonekana kwenye ukurasa, na Kiswahili kinakusaidia kuiona kuliko unavyodhani.

Chukua penseli ufungue ukurasa wowote wa malalamiko. Zungushia duara kila -ni- iliyo katikati ya kitenzi: amenidharau, wananipuuza, alinikatiza, hakunipigia. Katika kila kitenzi hicho wewe ni mtendwa. Halafu pigia mstari kila kitenzi ambacho wewe ndiye umekianza, cha kukubali au cha kukanusha: nilinyamaza, nikaondoka, nilikubali, sikumuuliza. Usihesabu "nimechoka" wala "nimekata tamaa"; hizo ni hali, na tunatafuta matendo. Kisha hesabu duara na mistari.

Nimewafanyisha zoezi hili watu wengi, na mara nyingi kurasa za mtu aliyekwama zimejaa duara, mistari ni ya kutafuta kwa tochi. Nielewe vizuri. Sisemi kwamba hawakutendwa. Kuna watu wanatendewa ubaya wa kweli, na wa kwanza kuuandika ubaya huo anapaswa kuwa wao. Ninachosema ni kwamba ukurasa wa duara tupu hauna mahali pa kushika. Hata kama kila neno lililomo ni kweli, hauwezi kukuonyesha pa kuanzia, kwa kuwa kila tendo lililomo liko mikononi mwa mtu mwingine.

Jambo la pili la kutazama kwenye ukurasa huo ni hukumu iliyovaa nguo za habari. Umesema unamlalamikia bosi wako. Naamini mahali fulani umeandika sentensi kama hii: "Leo tena bosi amenidharau kwenye kikao." Inasomeka kama taarifa, kumbe ni hukumu. Dharau haionekani kwa macho. Kilichoonekana ni kitu kingine, nacho hakikuandikwa. Sasa tuseme siku hiyo hiyo ungeandika hivi:

"Kikaoni nilianza kueleza ripoti. Nilipofika ukurasa wa pili bosi alitazama saa, akasema, 'Tuendelee, hilo tutalirudia.' Hatukulirudia. Nilifunga kabrasha nikanyamaza hadi mwisho. Uso ulikuwa unawaka. Kikao kilipoisha alibaki peke yake mezani kama dakika tano, nami sikumwendea."

Linganisha. Ile ya kwanza ukiisoma mwaka kesho itakukasirisha upya. Hii ya pili itakuuliza maswali. Je, muda ulikuwa umekwisha kweli? "Tutalirudia" si ahadi ambayo unaweza kumkumbusha? Na zile dakika tano alizokaa peke yake, kwa nini zimebaki kwenye kumbukumbu yako? Inawezekana kabisa kwamba baada ya kuandika kurasa ishirini za namna hii utahitimisha kwamba bosi wako kweli anakudharau. Basi utakuwa na ushahidi, tarehe, na maneno aliyoyasema, na uamuzi wa kubaki au kuondoka utasimama juu ya kitu kigumu.

Nalisema hili nikiwa nimelipitia. Kwa muda mrefu niliandika kwenye daftari langu kwamba mdogo wangu hanijali. Niliandika kwa uchungu na niliamini kila neno. Siku moja nikajilazimisha kurudi nyuma miezi mitano na kutafuta maneno aliyoyatamka, bila tafsiri yangu. Katika kurasa zote zile hapakuwa na siku hata moja ambayo nilikuwa nimemwomba jambo lolote waziwazi. Nilikuwa nikimsubiri ajue. Niliona haya sana siku hiyo, na kesho yake nilimwomba. Hakukubali yote, lakini tangu hapo uhusiano wetu umekuwa mwingine.

Kutokana na hayo, swali ninalolipenda kuliko yote katika shajara ni hili: nilitarajia nini? Liandike chini ya kila tukio lililokuuma. Hasira nyingi za nyumbani na kazini zinatokana na matarajio ambayo hayakuwahi kutamkwa. Ulitarajia dada yako afanye nini siku ile? Ulimwambia? Au ulidhani ni jambo ambalo dada yeyote angelijua bila kuambiwa? Swali la "kwa nini" nalo ni zuri, ila lina mtego. Ethan Kross na Özlem Ayduk, wanasaikolojia waliochunguza jambo hili kwa miaka, wameonyesha kwamba mtu akirudi ndani ya tukio kwa macho yake mwenyewe na kujiuliza kwa nini anaumia, mara nyingi maumivu yanawaka upya. Akilitazama kama aliyesimama mbali kidogo, akijiona yeye mwenyewe kwenye picha, anaelewa zaidi na haungui sana. Namna rahisi ya kusimama mbali kwenye karatasi ni kujiandika kwa jina lako. Weka jina lako, kisha: "alikuja kikaoni tayari amekasirika, kwa sababu asubuhi..." Aya moja tu yatosha. Utashangaa jinsi unavyomhurumia mtu huyo, na jinsi unavyoona makosa yake bila kumtukana.

Na hapa niseme juu ya neno "uvivu", ambalo uliliweka kwenye orodha yako bila maelezo, kana kwamba halihitaji ushahidi. Hilo nalo ni hukumu, sawasawa na dharau ya bosi, ila safari hii hakimu ni wewe na mshtakiwa ni wewe. Ni kazi gani uliiacha? Saa ngapi? Ulikuwa umetoka kufanya nini? Mama mmoja aliyekuwa akijiita mvivu kwa miaka alikuta kwenye daftari lake kwamba kazi alizoziacha karibu zote zilikuwa zile zinazohitaji kumpigia mtu simu. Kazi zilikuwa zikimalizika. Simu ndizo alizokuwa akiziogopa, na woga una dawa yake, tofauti na ya uvivu. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alieleza jinsi alivyojihoji kila usiku: taa ikishaondolewa na mkewe akinyamaza kwa kuwa aliijua desturi yake, aliipitia siku nzima asijifiche kitu. Lakini kila alipokuta kosa alijiambia aangalie asilirudie, na kwamba kwa sasa anajisamehe. Sehemu ile ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau. Mtu anayejua kwamba kila usiku atachapwa na daftari lake ataanza kulidanganya.

Sasa kufunga hesabu kwenyewe. Chagua siku moja ya wiki, dakika ishirini hivi, ambayo hutaandika jambo jipya. Utasoma tu kurasa za wiki nzima, penseli mkononi, na kuweka alama pambizoni penye jambo linalojirudia, na penye jambo lililokushangaza. Mwishoni andika sentensi moja inayoanza na "Nimegundua". Kama huna la kugundua, andika hivyo hivyo: wiki hii sijagundua kitu. Usibuni hekima ili kuupendeza ukurasa. Kila baada ya miezi mitatu, soma daftari zima kwa mkupuo. Huko ndiko utakakoona mambo ambayo wiki moja haiwezi kuonyesha, kwa mfano kwamba ugomvi na dada yako huja karibu na tarehe fulani, au baada ya safari fulani, au siku ambazo hukulala.

Kwa nini usitegemee kumbukumbu tu? Kwa sababu kumbukumbu hurekebisha mambo bila sisi kujua. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajafanya ziara zake za China na Umoja wa Kisovyeti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baadaye wakawaomba wayakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa yale waliyoamini kuwa yametokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko ule waliouandika. Sote tunalijua hili kwa jina lake la mitaani: "Nilijua tu!" Mtu anayejua tu kila kitu baada ya kutokea hawezi kujifunza, kwa sababu kila mara anajiona alikuwa sahihi. Basi unapofanya uamuzi wenye uzito, andika siku hiyo hiyo: nimeamua nini, kwa sababu zipi, nategemea nini kitatokea, na tarehe nitakayorudi kusoma. Tarehe ikifika, soma kabla hujajieleza chochote. Hizi ndizo kurasa zilizonifundisha mengi kuliko nyingine zote nilizowahi kuandika.

Mwanasayansi Charles Darwin naye alisimulia, alipoandika habari za maisha yake, kwamba kwa miaka mingi alifuata kanuni moja: kila alipokutana na jambo linalopingana na hitimisho lake, aliliandika papo hapo bila kukosa, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba mambo ya aina hiyo humtoka mtu akilini upesi kuliko yanayomuunga mkono. Wewe una hitimisho lako: bosi hanithamini, dada hanijali, mimi ni mvivu. Je, ziko wapi siku zilizopinga? Siku bosi alipokutetea, siku dada yako alipokuja bila kuitwa, asubuhi ulipomaliza kazi kabla ya wakati? Kama katika madaftari saba hakuna hata moja, inawezekana hazikutokea. Lakini inawezekana pia zilitokea, na usiku ulipochukua kalamu zilikuwa zimeshateleza.

Hapo ndipo ninapokubaliana na rafiki yako, nusu. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti walioutoa mwaka 2003, waliwaomba baadhi ya watu waorodheshe mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo hadi matano wanayoshukuru kuwa nayo, na wengine waorodheshe kero. Walioshukuru waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi kuliko walioandika kero. Angalia tena kipimo: mara moja kwa wiki. Shukrani inayoandikwa kila usiku kwa maneno yale yale, "nashukuru kwa afya, nashukuru kwa familia", inachosha haraka na kuwa mhuri mtupu. Andika kidogo, na kwa undani: ni nani alifanya nini, na kilikufikaje. Ila kuandika mazuri tu ni kuweka daftari la mapato pasipo matumizi. Utafurahi, lakini hutajua unakoelekea.

Kutoka kwenye kila kufunga hesabu, chukua tendo moja. Moja, dogo, na lifungwe kwenye wakati wake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya namna ya "ikiwa hivi, basi nitafanya vile", na imeonekana kwamba mtu anayeweka nia yake hivyo huitekeleza mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Usiandike "nitakuwa jasiri mbele ya bosi". Andika: "Ikiwa atasema 'tutalirudia', basi kabla kikao hakijaisha nitauliza tutalirudia lini." Wiki ijayo andika kilichotokea, hata kama hukuthubutu. Kuandika "sikuthubutu, koo lilikauka" ni mstari, si duara, nao una thamani yake.

Maswali yako mengine nitayajibu kwa ufupi. Kuhusu usingizi: unafungua jeraha saa nne usiku halafu unazima taa, utalalaje? Sogeza uandishi mzito uwe mapema, jioni au hata asubuhi. Kabla ya kulala, kama mkono unatamani kalamu, andika kwa dakika tano mambo unayopaswa kufanya kesho. Michael Scullin na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 57 waliolala katika maabara: walioandika orodha ya kazi zinazowangoja walisinzia mapema zaidi, kwa tofauti ya wastani ya dakika 9 hivi, kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo usingizi ulivyowahi.

Kuruka siku hakuharibu kitu. Phillippa Lally na wenzake mjini London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kufanyika lenyewe bila kulazimisha, lakini kuna aliyechukua 18 na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa maana yoyote. Kwako wewe, ningesema siku tatu za kuandika na moja ya kusoma zinatosha kabisa. Daftari au simu, vyovyote, almradi ni mahali ambapo una hakika hakuna mwingine anayesoma. Mtu anayehisi kuna macho juu ya bega lake huandika anavyotaka kuonekana. Ukurasa unaokutisha unaweza kuuandika kisha ukauchana. Kazi yake imeshafanyika.

Nimeacha la mwisho makusudi, na nalisema kwa upole.

Umenieleza kwamba ulianza kuandika miezi michache baada ya baba kufariki. Halafu ukaniorodheshea uliyoyakuta ndani: bosi, dada, uvivu. Baba hayumo kwenye orodha hiyo. Huenda umemwandika sana na hukuona haja ya kunitajia. Huenda pia madaftari saba yamezunguka jambo moja bila kuligusa. Sijui, na wewe ndiye mwenye kurasa. Nenda ukatazame ametajwa wapi.

Ukikuta hayupo, au yupo kwa mstari mmoja mmoja, mpe zile siku 4, dakika 15 kila siku. Chagua wiki ambayo haina msongo mwingine, mahali pa faragha, na baada ya kuandika ujiachie muda kabla ya kurudi kwa watu. Andika kilichotokea, na kilichokuwa moyoni, hasa lile ambalo hujawahi kumwambia mtu. Kujisikia mzito saa chache baada ya kuandika ni kawaida. Lakini ukiona unazama badala ya kutua, au jambo lenyewe linakuzidi nguvu hata kulianza, weka kalamu chini. Hulazimiki kulibeba peke yako, na mshauri nasaha au mtu unayemwamini anaweza kukaa nawe ukilisema kwa mdomo. Na ikitokea wakati wowote mawazo ya kutotaka kuishi yakakujia, usiyaandike kwanza. Mtafute mtu siku hiyo hiyo, daktari au wa karibu yako.

Siku ya tano pumzika. Baada ya wiki moja zisome kurasa hizo nne, penseli mkononi, duara na mistari. Na kama jina la dada yako limo humo, mpigie kabla hujaliandika tena.